Kifafa, Kisu na Ramani ya Ubongo



Likizo iliyopita tulikuwa wawili, tukifanya utume katika kigango kimoja cha upande wa Kiberege. Jumapili moja, katikati ya wimbo wa matoleo, binti wa kwaya alianguka. Kilichofuata wengi wenu mmeshakiona: mabenchi ya karibu yakabaki matupu, watoto wakavutwa mikono, na mtu mmoja akapaza sauti kwamba asiguswe mpaka povu likauke. Katekista peke yake ndiye aliyemsogelea. Alimgeuza ubavu, akaweka kanga chini ya kichwa chake, akapiga magoti kando yake na kusubiri. Sisi mafrateri, tuseme ukweli, tulisimama kama nguzo.

Baada ya Misa mama yake alitufuata. Tulidhani atauliza habari za mapepo. Aliuliza jambo jingine kabisa: "Frateri, nimesikia huko mjini kuna mashine inasoma kichwa bila kupasua, halafu madaktari wanaukata ugonjwa wenyewe. Ni kweli? Na wakikata, mwanangu atabaki na akili zake?"

Hatukuwa na jibu. Makala haya ni yale tuliyomrudia nayo baada ya kuuliza na kusoma, na tumeona tuwashirikishe nanyi, maana katika bonde hili la Kilombero na milima ya Mahenge hakuna jumuiya ndogo ndogo isiyokuwa na mtu mwenye kifafa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo unaopita kati ya chembe zake. Kwa kawaida chembe hizo hupokezana, kama waimbaji wa sauti nne ambao kila mmoja anajua zamu yake. Wakati wa kifafa kundi la chembe hulipuka kwa pamoja, na wimbi hilo likienea ubongo wote mtu huanguka, hukakamaa na kutetemeka. Likibaki sehemu moja tu, huenda akakodoa macho, akatafuna hewa, akavutavuta nguo yake kwa dakika moja au mbili na asikumbuke chochote. Hiki cha pili huku kwetu mara nyingi hakiitwi kifafa. Huitwa kurukwa na akili au kuchezewa, na ndiyo maana wengi wenye aina hiyo hawafiki hospitali. Ni hasara kubwa, kwa sababu hao ndio upasuaji huwafaa zaidi, kama tutakavyoona.

Ugonjwa huu hauambukizi. Mate hayaambukizi, wala mkojo, wala ushuzi, wala kula sahani moja. Tunalisema waziwazi kwa sababu imani hiyo imewaua watu hapa: anayeanguka motoni huachwa aungue mpaka degedege liishe, anayeanguka mtoni au kwenye jaruba la mpunga huachwa azame. Mtu anayelinda ndege peke yake kwenye dungu, na jiko la mafiga chini yake, yuko hatarini kuliko mtu wa mjini mwenye ugonjwa uleule. Katika Injili ya Mathayo sura ya 17, baba anayemletea Yesu mwanawe analalamika kwamba kijana huanguka motoni na majini. Maelezo hayo mama yeyote wa Kiberege angeweza kuyatoa leo.

Eneo letu lina historia ya pekee katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifanya kazi Mahenge. Aliwakuta watu wenye kifafa wakiishi vibandani, wakila peke yao, wengi wakiwa na makovu ya moto. Alianzisha kliniki, akaanza kuwapa fenobabitoni, na mwaka 1965 akaandika katika jarida la kitabibu juu ya kifafa miongoni mwa Wapogoro. Aliandika pia kuhusu watoto ambao kabla ya kuanguka huanza kwa kutikisa kichwa chini na juu, wenyeji wakisema mtoto anasinzia kichwa. Miaka mingi baadaye ugonjwa wa namna hiyo ulipoibuka Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, wataalamu walirudi kwenye maandishi yake ya Mahenge.

Leo uchunguzi umeonyesha kwamba kifafa cha Mahenge kinahusiana kwa karibu na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Ndiyo maana dawa ya Mectizan, inayogawiwa vijijini huko tangu mwaka 1997, si ya macho na ngozi peke yake. Wanaoikataa kwa sababu "macho yangu ni mazima" wafikirie watoto wao. Chanzo kingine ni mayai ya tegu wa nguruwe, ambayo yakiingia mwilini hutuma viluwiluwi mpaka kwenye ubongo. Nguruwe wanaozurura na vyoo visivyofungwa vina sehemu yao hapa, na sisi tunaopenda kitimoto tusijifanye hatujasikia. Kuna pia malaria kali ya utotoni, uti wa mgongo, kuumia wakati wa kuzaliwa na ajali za bodaboda.

Sasa tuje kwenye swali la mama.

Dawa ndiyo njia ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Wanaobaki ni wale ambao dawa mbili sahihi, kwa kipimo sahihi na bila kuruka siku, zimeshindwa kuwatuliza. Ndani ya kundi hilo wapo ambao ugonjwa wao huanzia mahali pamoja tu, mara nyingi katika pande la pembeni la ubongo, usawa wa sikio. Kwao kukata mahali hapo kunaweza kuwa tiba. Mwaka 2001 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa Kanada kwa wagonjwa 80 wa aina hii, nusu wakipangiwa upasuaji na nusu wakiendelea na dawa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa tena na degedege la kupoteza fahamu. Kwa waliobaki na dawa ilikuwa asilimia 8.

Lakini ubongo si kidole tumbo. Daktari anayeukata lazima ajue mambo mawili: ugonjwa unaanzia wapi, na pale jirani panafanya kazi gani. La kwanza bila la pili ni balaa. Mwaka 1953 huko Marekani kijana mmoja, Henry Molaison, aliondolewa sehemu za ndani za pande zote mbili za ubongo, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi, ili kumponya kifafa. Degedege lilipungua. Lakini tangu siku ile hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Aliishi mpaka mwaka 2008, na watu waliomhudumia kwa miaka mingi alikutana nao kila asubuhi kama wageni. Swali la mama, "atabaki na akili zake?", lilikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Kwa hiyo inahitajika ramani. Kwamba ubongo una maeneo yenye kazi tofauti lilianza kueleweka Paris mwaka 1861, Paul Broca alipoupasua ubongo wa marehemu ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, "tan". Alikuta kidonda upande wa kushoto mbele. Huko ndiko kunakotengenezwa usemi kwa watu walio wengi. Wanaotumia mkono wa kulia, zaidi ya 9 kati ya 10 wana lugha upande wa kushoto. Wanaotumia mkono wa kushoto hubadilika zaidi, na mtoto aliyeanza kifafa mapema huenda lugha yake ilishahamia upande mwingine. Hivyo huwezi kukata kwa kukisia.

Kwa muda mrefu ramani ilichorwa kwa kufungua fuvu. Wilder Penfield, aliyeanzisha taasisi ya ubongo huko Montreal mwaka 1934, alikuwa akimpasua mgonjwa akiwa macho, amegandishwa ganzi kichwani tu. Aligusa ubongo kwa waya wenye umeme mdogo na kumwomba aongee. Mahali ambapo mgonjwa alikwama katikati ya neno palitiwa alama, pasiguswe na kisu. Baadaye Juhn Wada alibuni kipimo cha kuchoma dawa ya usingizi kwenye mshipa wa damu unaopanda upande mmoja wa kichwa, ili nusu ya ubongo ilale na nusu nyingine iulizwe maswali. Njia hizi zilisaidia sana, na bado zipo, ila zote zinaingia mwilini na zina hatari zake.

Mashine aliyoisikia mama ni ya kizazi kilichofuata. Msingi wake ni EEG, kipimo ambacho Hans Berger wa Ujerumani alikitangaza mwaka 1929: vinasa umeme hubandikwa kwenye ngozi ya kichwa na kuchora mawimbi ya ubongo. Hakichomi wala hakiumi. Huonyesha upande unaolipuka, hasa mgonjwa akirekodiwa kwa video wakati uleule degedege linapokuja. Kisha kuna MRI, sumaku kubwa inayopiga picha ya ubongo bila mionzi, na kuonyesha kovu, uvimbe au hipokampasi iliyosinyaa.

Picha hiyo ya kawaida inaonyesha jengo. Ili kuona nani anafanya kazi katika chumba kipi, hutumika MRI ya utendaji. Eneo la ubongo likifanya kazi huletewa damu nyingi yenye oksijeni, na damu yenye oksijeni ina tabia tofauti ya sumaku na ile iliyokwisha kutumika. Seiji Ogawa na wenzake walilionyesha jambo hili mwaka 1990. Basi mgonjwa hulazwa ndani ya mashine na kupewa kazi: chezesha vidole, pumzika, taja kimoyomoyo majina ya wanyama, pumzika. Mashine hulinganisha wakati wa kazi na wakati wa mapumziko, na kompyuta hupaka rangi pale palipobadilika. Daktari wa upasuaji hupata picha yenye eneo la mkono na la lugha, na kuiweka kando ya picha inayoonyesha penye ugonjwa.

Zipo njia nyingine. MEG ni kofia kubwa ndani ya chumba kilichokingwa dhidi ya sumaku za nje. Hunasa sumaku inayotokana na umeme wa ubongo, iliyo dhaifu kuliko sumaku ya dunia mara mamilioni mengi, na hufuatilia kila elfu moja ya sekunde, jambo ambalo MRI haiwezi. TMS, iliyoanzia Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, hufanya kama waya wa Penfield lakini kwa nje: koili hushikwa juu ya kichwa, pigo la sumaku hupita kwenye fuvu, na kidole hushtuka chenyewe au mgonjwa hushindwa kwa nukta moja kutaja kitu anachokiona kwenye picha. Kwa nadra linaweza kuamsha degedege, kwa hiyo hufanywa mbele ya wataalamu.

Tusizitukuze kupita kiasi. MRI ya utendaji huonyesha sehemu zinazoshiriki katika kazi, lakini si lazima ziwe zile ambazo bila hizo kazi haiwezekani. Kwaya ina watu 30, na kutoka kwa mmoja hakuuwi wimbo, ila akitoka mpiga kinanda mambo huwa mengine. Mgonjwa akitikisa kichwa picha huharibika. Kumbukumbu ni ngumu kuichora kuliko lugha. Ndiyo maana hata kwenye hospitali kubwa za dunia wakati mwingine wanarudi kwenye njia ya Penfield, mgonjwa akiwa macho.

Na kuna jambo ambalo lilitugusa sisi kama watu wa bonde hili. Ramani ya lugha inachorwa kwa lugha ipi? Tangu mwaka 1978, George Ojemann na Harry Whitaker walipochapisha uchunguzi wao kwa wagonjwa wenye lugha mbili, inajulikana kwamba yapo maeneo yanayohusika na lugha moja zaidi ya nyingine. Binti wa Kiberege huenda anaota kwa Kindamba au Kipogoro, anaimba kwa Kiswahili na kufanya mtihani kwa Kiingereza. Akipimwa kwa orodha ya maneno ya Kiingereza iliyoletwa pamoja na mashine, daktari atailinda lugha ya mtihani na huenda akaigusa ile anayosalia. Hata kazi yenyewe haihamishiki kirahisi. Kumwambia Mzungu ataje vitenzi ni jambo moja. Kwetu kitenzi kimoja kama "tutawapikia" ni sentensi nzima. Hapa pana kazi ya wasomi wetu wa lugha na wa tiba pamoja, nayo haihitaji fedha nyingi kama kununua sumaku.

Je, huku kwetu inawezekana? Mashine za MRI za kawaida zipo nchini katika hospitali kubwa, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wagonjwa 62 wa Mahenge wenye kusinzia kichwa, baadhi yao walipigwa MRI. Kwa baadhi ya hao yalionekana mabadiliko kwenye hipokampasi au makovu. Kuhusu upasuaji, mfano ulio jirani ni Mbale, Uganda, katika Hospitali ya Watoto ya CURE. Mwaka 2009 Dkt. Warren Boling na wenzake walieleza jinsi walivyowachagua na kuwapasua wagonjwa wa kifafa cha pande la pembeni, wakitegemea CT-Scan, EEG na video, vifaa vya kawaida kuliko hivyo vyote tulivyovitaja. Walifaulu kwa kuchagua kwa makini sana nani apasuliwe na nani asipasuliwe. Kwa maoni yetu, hilo ndilo somo la kwanza kwetu: EEG nzuri na mtu anayejua kuisoma vitawafaa watu wengi zaidi kuliko mashine moja ya fahari. Na ni lazima kukiri kwamba kifafa cha usubi mara nyingi hakina mahali pamoja pa kukata. Wengi wa wagonjwa wetu kisu hakitawasaidia. Fenobabitoni isiyokatika zahanati itawasaidia.

Kwa kuwa tuko kwenye falsafa, ndugu zetu seminarini watauliza: ikiwa lugha ina mahali, kumbukumbu ina mahali, nafsi imebaki wapi? Mtakatifu Thoma wa Akwino asingeshtuka. Kwake nafsi si mpangaji aliyejificha kwenye chumba kimoja cha ubongo. Ni umbo la mwili mzima, na akili ya mwanadamu katika maisha haya inahitaji taswira zinazopitia mwilini, hivyo ubongo ukiumia, kufikiri nako huyumba. Penfield mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, alisimulia kwamba alipogusa eneo la mkono na mkono ukanyanyuka, mgonjwa alimwambia si yeye aliyeunyanyua, bali ni daktari. Aliongeza kwamba hakupata mahali popote ambapo umeme ulimfanya mtu aamini au aamue. Hiyo si hoja inayofunga mjadala, na walimu wetu wameshatuonya tusiiegemee mno. Inatosha kusema kwamba anayeichora ramani bado hajampata mwenye shamba.

Kuhusu uhalali wa kukata, Thoma anafundisha katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 65, kwamba kiungo kinaweza kuondolewa kwa ajili ya afya ya mwili mzima. Papa Pius XII alilirudia wazo hilo tarehe 14 Septemba 1952 alipoongea na wataalamu wa mishipa ya fahamu: sehemu ipo kwa ajili ya mwili mzima, na mgonjwa ana haki ya kuitoa inapolazimu. Lakini aliweka mipaka pia, na mmoja ni ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Sisi tunaona ramani ina kazi hata hapo. Mtu hawezi kuridhia kwa kweli kama hakuna anayeweza kumweleza atapoteza nini.

Kanisa lenyewe limetembea katika jambo hili. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917, kanuni ya 984, uliwataja wenye kifafa pamoja na vichaa na wenye pepo kati ya wasioweza kupewa daraja takatifu. Mkusanyo wa 1983, kanuni ya 1041, unataja maradhi ya akili yanayomfanya mtu asiweze kutimiza huduma. Kifafa hakitajwi tena. Tunajiuliza ni vijana wangapi wa bonde hili walirudishwa nyumbani kabla ya hapo.

Tulirudi kwa yule mama wiki mbili baadaye. "Shikamoo mama," tukakaa kwenye mkeka, tukamweleza. Kwanza, ndiyo, mashine zipo na haziumi. Pili, mwanao bado hajafika huko: alikuwa akimeza dawa mpaka zikiisha, kisha anakaa wiki tatu bila, ndipo zinatafutwa tena. Ukiziacha ghafla degedege hurudi kwa nguvu. Tatu, atafute daftari aandike kila tukio: tarehe, saa, limechukua dakika ngapi, mkono upi ulianza, alikuwa amelala njaa au na homa. Na mwenye simu arekodi. Video ya dakika moja humwambia daktari mambo ambayo maelezo ya mdomo hayawezi. Akienda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara akiwa na daftari na video hiyo, daktari atakuwa na pa kuanzia, na kama itahitajika rufaa itakuwa na maana.

Na akianguka tena: mgeuzeni ubavu, ondoeni vyenye ncha, legezeni nguo shingoni, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, msimshike kwa nguvu, msimpe maji. Tazameni saa. Likizidi dakika 5, au likirudia kabla hajazinduka, ni gari kwenda hospitali.

Mama alisikiliza yote, akatikisa kichwa, kisha akauliza lile ambalo kumbe lilikuwa likimsumbua zaidi: kama binti anaweza kurudi kwaya, maana tangu siku ile hakuna aliyemwambia aje mazoezini. Tulikwenda kwa mwalimu wa kwaya jioni ileile. Alisema nafasi yake ipo, sauti ya pili, ila sasa atasimama katikati ya wenzake na si mwisho wa mstari, ili akianguka awepo wa kumdaka.